Bi mkubwa wa kijani: kwa nini mzuka wa mwaka 1945 haukufanywa moshi

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga, nasimamia kikundi cha maigizo. Tuliangalia filamu ya zamani ya Waingereza, *Blithe Spirit*, ambamo mwanamume anarudiwa na mke wake wa kwanza aliyekwishakufa. Wanafunzi wakaniuliza, nikakosa jibu: mbona mzuka ule haufanani na mizuka mingine ya sinema, ile unayoona ukuta nyuma yake? Huyu ni mtu kamili, ila wa kijani. Walishindwa kumfanya moshi, au walikusudia? Na sisi tukitaka mzuka wa namna hiyo jukwaani, tuanzie wapi?

Jibu: Mwalimu, walikusudia, tena walijitafutia kazi ngumu. Mzuka wa moshi ndio uliokuwa rahisi. London iliuzoea tangu mwaka 1862, John Henry Pepper alipouonyesha kwenye ukumbi wa Royal Polytechnic. Kioo kikubwa kiliinamishwa mbele ya jukwaa, mwigizaji akafichwa chini, hadhira isikomwona, na kumulikwa taa kali. Watu wakawa wanaona taswira yake kwenye kioo, inaelea katikati ya waigizaji walio hai. Taa ikizimwa, mzuka nao umekwenda zake.

Kamera zilipoingia, mambo yakawa mepesi zaidi. Unapiga picha ya sebule, unarudisha utepe nyuma, kisha unampiga mwigizaji peke yake mbele ya pazia jeusi, juu ya picha ileile. Ukiuonyesha, kiti kinaonekana kupitia tumbo la mtu. Waswidi waliufikisha ufundi huo mbali mno mwaka 1921 katika *Körkarlen* ya Victor Sjöström, ambamo gari la farasi la mauti linapita juu ya bahari kumchukua mtu aliyezama. Kwa hiyo mwaka 1944, mwongozaji David Lean na wenzake walipokuwa wanapiga *Blithe Spirit* kwenye studio za Denham, nje kidogo ya London, hakuna fundi pale ambaye angesumbuka kutengeneza mzuka wa moshi. Waliuacha kwa hiari yao.

Sababu iko ndani ya hadithi, na nadhani sisi tunaiona upesi kuliko wenyewe. Charles Condomine ni mwandishi wa riwaya, ana mke anayeitwa Ruth. Kabla ya Ruth alikuwa na Elvira, ambaye amekufa miaka 7 iliyopita. Charles anataka kuandika riwaya yenye tapeli wa mambo ya roho ndani yake, basi anamwalika chakula cha jioni mwanamke mmoja wa jirani, Madame Arcati, aliyejizolea jina kwa kuita wafu. Nia yake ni kuiba maneno ya kazi. Meza inagongwa, santuri inapigwa, taa zinazimwa, na usiku huohuo Elvira anaingia nyumbani kwake kana kwamba alikuwa ametoka tu kwenda dukani. Charles peke yake anamwona na kumsikia.

Liondoe kaburi kwenye kisa hiki uone kinachobaki. Kinabaki uke wenza. Sheria ya Uingereza haikumruhusu Charles kuwa na wake wawili chini ya paa moja, kwa hiyo Noël Coward, aliyetunga tamthilia iliyozaa filamu hii, alimpitishia wa pili kupitia ahera. Elvira ni bi mkubwa: alitangulia, anazijua tabia za mume ambazo Ruth bado anazigundua, na hana haja ya kupiga kelele. Ruth ni bi mdogo mwenye funguo za nyumba, anayetoa amri jikoni na kuamini kwamba enzi ya mwenzake imekwisha. Coward hakulitumia neno hilo, bila shaka, lakini mtu yeyote aliyelelewa kwenye nyumba ya mitala ataitambua kila kauli: hiki umepanga vibaya, mimi alikuwa hanifanyii hivyo, wewe hujui anapenda nini.

Sasa niambie, mke mwenza wa moshi atagombana vipi? Elvira lazima akalie mkono wa kochi, apite nyuma ya mume na kumchezea nywele, amkatize mwenzake kauli. Mazungumzo ya Coward yanakwenda mbio kama mpira wa meza. Charles anamwambia Elvira anyamaze. Ruth, ambaye haoni mtu mwingine chumbani, anaona kaambiwa yeye. Kichekesho chote kimebebwa na nusu sekunde kati ya neno na jibu. Ukimpiga Elvira picha peke yake mbele ya pazia jeusi, halafu umbandike baadaye, nusu sekunde hiyo imekufa, na kamera nayo imefungwa pale pale kama nguzo, kwa kuwa ikisogea kidogo tu picha mbili haziingiani. Walihitaji wote watatu wawe chumba kimoja, wakati mmoja, wakisikilizana pumzi.

Hapo ndipo rangi inapoingia. Filamu ilipigwa kwa Technicolor, na Technicolor ya enzi hizo ni kitu ambacho vijana wako watafurahi kukijua. Ndani ya kamera hamkuwa na utepe wa rangi hata mmoja. Mlikuwa na tepe tatu za nyeusi na nyeupe zikienda pamoja. Nyuma ya lenzi kulikuwa na kioo cha pembetatu kilichoupasua mwanga: kijani kiliandikwa kwenye utepe mmoja, bluu na nyekundu kwenye mbili nyingine zilizobanwa pamoja. Rangi yenyewe ilizaliwa maabara, pale kila utepe ulipogeuzwa kuwa chapa yenye wino wake, kisha chapa hizo zikagongwa moja baada ya nyingine juu ya utepe mmoja, kama kiwanda cha kanga kinavyogonga nyekundu, kisha nyeusi, juu ya kitambaa kilekile. Kamera hiyo ilikuwa zigo, na ilikula mwanga ajabu. Sebule iliyoonekana ya jioni tulivu ilikuwa imewashwa mataa ya kutosha kumtoa mtu jasho.

Aliyeshika kazi ya mwanga na kamera ni Ronald Neame, ambaye baadaye naye alikuja kuwa mwongozaji. Kay Hammond, aliyemwigiza Elvira, alipakwa kijani usoni na mikononi, akavikwa gauni jepesi la rangi hiyohiyo linaloburuzika, midomo na kucha zikapakwa nyekundu. Kisha akapewa taa yake mwenyewe ya kijani, ikimfuata kila alikokwenda. Sasa fikiria taabu ya Rex Harrison, aliyekuwa Charles. Akimkaribia mkewe hatua moja zaidi ya inayotakiwa, taa ya marehemu inamwangukia na yeye, na mwanamume aliye hai anaanza kuota ukungu shavuni. Ule umbali mdogo unaouona kati yao kwenye filamu, ambao unaufanya ugomvi wao uwe wa kistaarabu hivi, kwa sehemu kubwa ni umbali wa taa.

Angalia midomo, hapa ndipo penye ufundi. Ukimulika kitu chekundu kwa mwanga wa kijani mtupu kinaonekana cheusi, kwa sababu hakuna wekundu wa kurudisha. Midomo ya Elvira ni myekundu wazi. Maana yake mwanga mweupe wa kawaida nao ulimfikia, na kijani kimechanganywa kwa kiasi: kidogo kwenye ngozi, kidogo kwenye kitambaa, kidogo kwenye taa. Kikizidi kimoja anakuwa chura, vikipungua vyote anakuwa mgonjwa wa malaria. Hapo katikati ndipo walipompata mwanamke mrembo aliyekufa, na wekundu wa kucha unakukumbusha kwamba huko alikotoka bado anajipamba.

Kama nakala mliyoangalia inamwonyesha amefifia kama maji ya mchele, lawama ni ya nakala. Hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza (BFI) iliikarabati pamoja na filamu nyingine za mwanzo za Lean mwaka 2008, miaka 100 tangu azaliwe. Itafuteni hiyo. Na msiichanganye na ile mpya ya mwaka 2020 yenye jina lilelile. Hiyo ina kompyuta, na kwa maoni yangu haina subira.

Nusu ya pili ya mzuka haimo kwenye rangi wala taa. Imo kwenye macho ya mtu asiyeuona. Kay Hammond alikuwa na ile sauti yake ya uvivu, maneno yanatoka kama asali baridi, na alishamwigiza Elvira jukwaani tangu mwaka 1941, kwa hiyo watu humsifu yeye. Lakini mimi kila nikiirudia filamu namtazama Constance Cummings, aliyekuwa Ruth. Mwenzake wa kijani yuko mbele yake, anang'aa kuliko kitu chochote chumbani, na macho ya Ruth hayamkwepi, maana kukwepa nako ni kuona. Yanampita. Yanatua kwenye pazia lililo nyuma yake, yanatulia hapo, kisha yanamrudia Charles yakiwa na hasira ya mke anayedhani mumewe kalewa. Siku hizi mwigizaji huambiwa awaze kitu ambacho kompyuta itakichora baadaye. Yeye alitakiwa kukifuta kilichopo, na nadhani hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Lean aliweka sharti moja nalo akalishika karibu muda wote: kamera iko upande wa Charles. Anachokiona yeye tunakiona sisi, hata Ruth akiwa ndiye anayeongea. Pale Elvira anapobeba bakuli la maua ili kumthibitishia mwenzake kwamba yupo, kamera inaazima macho ya Ruth kidogo, na bakuli linatembea lenyewe hewani. Mambo kama hayo ndiyo yaliyompatia Tom Howard tuzo ya Oscar ya picha za ujanja mwaka 1947. Sina ugomvi na tuzo hiyo, ila bakuli linaloelea ni mchezo wa kawaida. Ubunifu uko kwenye dakika zile ambazo hakuna kinachoelea.

Niseme neno kuhusu lugha, kwa kuwa umeandika "mzuka" na umepatia. Mzimu ungetupeleka kwa mababu na matambiko, na pepo angehitaji mtu wa kumpanda. Elvira hampandi mtu. Amezuka tu, akakaa. Lakini namna alivyokuja ina kitu tunachokifahamu. Madame Arcati anahangaika filamu nzima kutafuta ni nani hasa aliyemvuta marehemu, maana bila kumjua hawezi kumrudisha. Mwishoni inagundulika kuwa ni Edith, yule mtumishi wa ndani anayekimbia huku na huko na sinia, ambaye hakuna aliyemjali. Waganga wa pwani wangesema Edith ndiye kiti, yaani mtu ambaye roho huja kupitia kwake. Fundi alikuwepo, ngoma ilipigwa, wageni walikaa, na kiti chenyewe kilikuwa jikoni kikiosha vyombo. Arcati ni Margaret Rutherford, mwanamke wa makamo mwenye baiskeli, shanga na uchangamfu wa mwalimu wa michezo, naye hafanyi mzaha hata sekunde moja. Anaifanya kazi yake kama fundi bomba aliyeitwa kutengeneza bomba. Ndiyo maana tunacheka.

Wanafunzi wako wanaweza kuuliza pia, ilikuwaje watu wacheke na wafu wakati mabomu yanaanguka. Coward aliandika tamthilia hii Mei 1941 kwenye kijiji cha Portmeirion, Wales, kwa siku 6, baada ya makazi yake ya London kuharibiwa na mabomu. Alikwenda huko na mwigizaji Joyce Carey, ambaye kwenye filamu ndiye mke wa daktari anayekuja kwenye kile chakula cha jioni. Tarehe 2 Julai 1941 ilifunguliwa Piccadilly Theatre, na wageni walifika mlangoni kwa kupita juu ya mbao zilizotandikwa kwenye kifusi. Wapo walionung'unika kwamba ni utovu wa adabu. Ikachezwa mara 1,997, rekodi ya tamthilia zisizo za muziki Uingereza, iliyokuja kuvunjwa na tamthilia ya *The Mousetrap* mwaka 1957. Jina alilichukua kwenye shairi la Mwingereza Shelley la mwaka 1820 linalomwita kipozamataza "roho changamfu". Mfu wa Coward haji kuombewa wala kuliliwa. Anakuja kudai nafasi yake kwenye kochi, na nadhani watu waliokuwa wamezika wiki iliyopita walihitaji mfu wa aina hiyo kuliko mwingine anayelia dirishani. Hata kwa upande huu, moshi ungeharibu kazi. Moshi unaomba huruma.

Mwisho wake ndio uliozua ugomvi. Kwa wasioijua: Elvira anaharibu gari ili Charles afe amfuate, lakini Ruth ndiye anayeliendesha, anakufa, na anarudi naye akiwa mzuka. Hapo Charles ana wake wenza wawili wa ahera. Jukwaani anawaaga kwa maneno makali na kuondoka zake, huru kabisa, huku nyumba ikibomokewa nyuma yake. Kwenye filamu anaingia garini, anafika darajani, anafia hapo, na sekunde chache baadaye anatua ukutani, mzuka naye, katikati ya wake zake. Coward hakuridhika na filamu, na ninaielewa hasira yake, kwa sababu Charles wa jukwaani ni mjanja aliyeponyoka. Lakini mimi niko na filamu. Mume aliyekaa dakika 90 akiwagonganisha wanawake wawili na kujifanya mhanga, kumwacha atoke salama ni upendeleo. Na kwa kuwa mzuka wa Lean una mwili, ukuta ule unabanana kweli: watu watatu, bega kwa bega, na hakuna tena wa kusema hamwoni mwenzake.

Sasa jukwaa lenu. Anzeni na kijivu, si kijani. Coward mwenyewe kwenye maelezo ya tamthilia alimtaka Elvira awe kijivu kuanzia nywele hadi mikono. Kijani ni cha Technicolor. Kitambaa chepesi cheupe au cha kijivu hafifu, shifoni ikipatikana, kinapokea rangi yoyote ya taa mtakayokipa, na kikiburuzika kinafanya nusu ya uigizaji.

Taa ya mzuka iwe moja, na iwe na mtu wake juu ya ngazi ambaye kazi yake ni hiyo tu. Iteremke kutoka ubavuni na juu, isitoke mbele, la sivyo mtawapaka waigizaji wote. Karatasi ya selofeni ya kijani ya kufungia zawadi inafaa kwenye taa za LED. Kwenye balbu za zamani itaungua, msijaribu. Mwigizaji mwenye mwili asogee mwisho umbali wa mkono mmoja na nusu kutoka kwa mzuka. Pigeni alama za chaki sakafuni.

Msihangaike kumpaka msichana rangi ya kijani. Kwenye ngozi nyeusi inazama na kuonekana kama matope, na tafadhali rangi ya ukuta isikaribie uso wa mtoto wa mtu. Mpakeni mafuta kidogo kwenye paji, mashavu na mabega. Ngozi nyeusi yenye mafuta inaudaka mwanga wa rangi ukingoni vizuri kuliko ngozi ya Kay Hammond ilivyoweza, na mtapata mstari wa kijani unaotembea naye. Midomo myekundu iwekeni, ila mwacheni apate na mwanga mweupe kidogo kutoka kwenye taa za jumla, kwa sababu niliyoitaja.

Wiki mbili za kwanza Ruth afanye mazoezi na Charles tu. Elvira akae nje. Charles aseme maneno yake yote kwa hewa, na Ruth amchukulie kama mume aliyerukwa na akili, mpaka hasira yake iwe ya kweli. Wiki ya tatu mleteni Elvira bila kumwambia Ruth atasimama wapi. Jicho la Ruth likimgusa hata mara moja, onyesho linarudiwa tangu mwanzo. Na mwambieni Elvira ana ruhusa ya kumchekesha.